Maji Hukauka, Chumvi Hubaki: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Tangi la Matumbawe

Barua za safari hii zimetoka Tanga hadi Dubai, na nyingi zinahusu tangi la kipimo kilekile: urefu sentimita 100, upana 45, kimo 45. Wauzaji huliita tangi la lita 200. Ukitoa unene wa kioo cha milimita 10, ukaacha sentimita 3 za juu bila maji, ukatoa na nafasi inayoliwa na mawe na mchanga, yanabaki maji lita 160 hivi. Anayepima dawa kwa lita 200 huzidisha kwa robo nzima. Kwa hiyo hesabu zote hapa chini ni za lita 160. Mwenye tangi la pili chini ya meza, lile linalopokea maji ya tangi la juu ili pampu iyarudishe, aongeze maji ya humo.

Naishi karibu na ufuo, kwa hiyo sikununua chumvi ya dukani. Tangi nililijaza maji ya bahari. Zamani lilikuwa na kifuniko na maji hayakupungua. Siku kumi zilizopita niliondoa kifuniko nikaweka feni, na tangu hapo kila asubuhi naongeza lita tatu za maji ya bahari kufidia yaliyokauka. Sasa matumbawe laini yamejikunja na samaki wanapumua mbiombio. Maji ya bahari yana kosa gani, na huko ndiko kwao? (Msomaji, Tanga)

Maji ya bahari hayana kosa. Tatizo ni kwamba feni inachukua maji matupu na kuacha chumvi yote tangini. Lita 3 za maji ya bahari zina gramu 105 hivi za chumvi. Kwa siku kumi umeongeza zaidi ya kilo moja ndani ya lita 160, na chumvi imepanda kutoka 35 hadi karibu 41 au 42 kwa elfu. Samaki anaweza kuvumilia siku chache. Matumbawe hujikunja kwanza, halafu ngozi huanza kubambuka.

Yanayokauka hufidiwa kwa maji matamu, tena yaliyochujwa, siku zote. Maji ya chumvi huingia siku ya kubadilisha maji tu, yaani pale ulipotoa maji ya chumvi kwa ndoo.

Usishushe chumvi kwa siku moja. Kiumbe aliyezoea 41 akiamkia 35, seli zake hunywa maji kuliko zinavyoweza kumudu. Toa lita 5 za maji ya tangi, rudisha lita 5 za maji matamu, mara moja kwa siku. Kila mara chumvi itashuka kwa 1.3 hivi. Baada ya siku tano utakuwa kwenye 35 na nusu. Hapo simama, upime kabla ya kuendelea. Na katika siku hizo yanayokauka uyafidie kwa maji matamu, la sivyo mkono mmoja unajenga na mwingine unabomoa.

Pima kwa rifraktomita, kifaa kinachosoma chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda majini. Kipimo cha plastiki chenye mshale hudanganya, kwa sababu kiputo kidogo cha hewa kikishika mshale huuinua. Hata rifraktomita huisahihishi kwa maji matamu peke yake. Tumia maji ya kupimia yaliyotengenezwa kuwa 35 kamili, tone moja, usubiri nusu dakika joto lilingane.

Kuhusu kuchota: yachote maji yakiwa yamejaa kabisa, si yanapokupwa, kwa sababu maji ya kupwa yanatoka mikokoni na mitaroni. Kaa mbali na midomo ya mito na mbali na bandari. Wakati wa masika, mvua kubwa ikishanyesha, acha wiki nzima ipite. Mwenye jamaa mwenye ngalawa amwombe amchotee nje ya mwamba. Madumu yawe ya maji ya kunywa. Dumu lililowahi kuwa na mafuta ya kula halisafishiki likaisha, na utando wake huziba uso wa maji hewa isiingie.

Ukitaka kuua vijidudu kabla ya kutumia, weka mililita 30 za dawa ya madoa isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 3.5, kwa kila lita 100. Acha pampu ya hewa ifanye kazi saa 24, kisha weka gramu 7 za thayosalfeti ya sodiamu. Kiasi hicho chatosha hata kama klorini yote ingalimo. Malizia kwa kipimo cha klorini cha bwawa la kuogelea: rangi ikitokea, hata hafifu, bado hayafai.

Nipo Nairobi, ghorofa ya tatu. Nimepata fundi wa vioo na aluminiamu aliye tayari kunitengenezea tangi, lakini hajawahi. Nimpe vipimo gani, na nianze vipi mpaka samaki wa kwanza? (Msomaji, Nairobi)

Kioo kiwe cha milimita 10, kingo zote zisagwe. Kitako 100 × 45. Mbele na nyuma, vipande viwili vya 100 × 44, vikae juu ya kitako. Pembeni, vipande viwili vya 42.8 × 44, viingie katikati ya mbele na nyuma. Hizo milimita 2 zilizopungua ni za silikoni, milimita moja kila upande. Fundi atataka kukata 43 kamili ili "vibane", na vikibana silikoni yote hukamuliwa nje, kioo kikabaki kimeshikana na kioo. Ongeza vipande viwili vya upana wa sentimita 5 vilale juu, kwa ndani, kufuata urefu wa mbele na nyuma. Hivyo ndivyo vinavyozuia kioo kutanuka tumbo.

Silikoni iwe ile inayonuka kama siki, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ya bafuni ina dawa hiyo, na hiyo huua. Kila ukingo ufutwe kwa spiriti kabla. Iache ikauke siku 7, kisha lijaze maji matamu likiwa nje au bafuni, ukae nalo siku 3.

Sasa ghorofa ya tatu. Maji kilo 160 na zaidi, kioo 45, mawe na mchanga 30, meza na tangi la chini kilo 80 au 90: zaidi ya kilo 300 juu ya eneo lisilofika nusu mita ya mraba. Sakafu za nyumba za kuishi husanifiwa kwa kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba, zikiwa zimetandazwa chumba kizima. Tangi moja halitaangusha jengo lililojengwa kwa haki, lakini liweke likigusa ukuta unaobeba, karibu na nguzo, likikingama na boriti, kamwe si katikati ya sebule. Kama nyumba ni ya kupanga, mwenye nyumba ajue.

Tangi la chini ndipo wengi hufurikisha nyumba. Umeme ukikatika, bomba la kurudisha maji juu hugeuka kuwa mrija wa kunyonya, na kila sentimita moja ya kina cha tangi lako ni lita 4.2. Mdomo wa bomba ukiwa sentimita 5 chini ya uso wa maji, lita 21 zitashuka. Toboa tundu la milimita 5 kwenye bomba hilo, sentimita 1 tu chini ya uso, ili linyonye hewa mapema. Kisha zima pampu kwa makusudi, uone tangi la chini linapokea yote. Rudia jaribio hilo kila mwezi, kwa sababu konokono na chumvi huziba tundu.

Maji ya bomba yapite kwenye mashine ya RO (inayosukuma maji kupita utando unaozuia chumvi) yenye resini mwishoni, hadi kipimo cha vitu vilivyoyeyuka kisome 0. Kwa lita 160 utahitaji karibu kilo 6 za chumvi ya matangi ya bahari. Mimina chumvi kwenye maji, si maji kwenye chumvi. Ukigeuza, kalsiamu huganda ikawa unga mweupe usioyeyuka tena. Acha pampu ichanganye saa 24, nyuzi 25, ndipo upime.

Mawe kilo 16 hivi, yasimame juu ya kioo chenyewe, mchanga uje baadaye kuyazunguka. Ukiyaweka juu ya mchanga, samaki mchimbaji atayaangusha. Pampu za mkondo zisukume lita 3,200 hadi 6,400 kwa saa kwa jumla, bora mbili zinazoelekeana kuliko moja kubwa. Hita: Julai ya Nairobi inazihitaji, na tunapendekeza mbili za wati 100 badala ya moja ya wati 200. Hita huharibika kwa kugandia ikiwa imewaka. Ya wati 100 itapandisha joto polepole ukawahi, ya 200 itapika. Nairobi iko juu, na hewa yake huyeyusha oksijeni pungufu kwa karibu moja ya sita kuliko pwani. Kwa hiyo uso wa maji utikisike daima, na idadi ya samaki iwe chini ya ile inayotajwa vitabuni.

Umeme: soketi iwe juu kuliko maji au pembeni, waya ushuke chini ya soketi kisha upande, ili tone linalofuata waya lidondoke sakafuni. Weka kikata umeme cha miliampea 30. Hili si la kubania pesa.

Kisha bakteria, wale wanaogeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati. Weka gramu 1 ya kloridi ya amoniamu. Hiyo inakupa amonia 2 kwa milioni. Pima kila siku ya pili. Amonia itashuka, nitriti itapanda kisha ishuke, nitrati ibaki. Rudia gramu 1 kila amonia inapofika sifuri. Siku amonia na nitriti zote mbili zitakapomalizwa ndani ya saa 24, tangi liko tayari. Hesabu wiki nne hadi sita. Badilisha nusu ya maji, weka samaki wawili wadogo, usubiri wiki mbili kabla ya wa tatu. Samaki wa anemoni waliozaliwa matangini ni chaguo jema la kwanza. Samaki aitwaye kangaja asikutamanishe: tangi la mita moja ni kizimba kwake, hata akiwa na ukubwa wa kiganja.

Mimi ni mtu wa Mombasa na mwamba uko hapo mbele. Maji ya bamvua yakikupwa matumbawe yanaonekana nje. Kuna ubaya gani nikichukua vipande viwili na jiwe moja lenye uhai? (Msomaji, Mombasa)

Kwanza sheria. Kukata matumbawe hai bila kibali ni kosa Kenya na Tanzania pia, na ndani ya hifadhi za bahari hata ganda tupu usiokote. Matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kuyavusha mpaka bila karatasi ni kosa jingine juu ya hilo.

Tuseme sheria isingekuwepo. Jiwe linalotolewa mwambani likapanda bodaboda nusu saa juani hufa nusu yake njiani, na nusu iliyokufa huoza tangini ikatoa amonia ya kuua iliyobaki. Pamoja nalo huja kaa wawindaji, funza wenye miiba na anemoni za magugu.

Pwani mna kitu ambacho wenzenu wa bara hawana: mawe ya matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu kwa ajili ya ujenzi. Ni chokaa ileile, imekauka maelfu ya miaka. Nenda machimboni uchague mabonge yaliyosagika vibaya ambayo fundi hayataki, mepesi kwa ukubwa wake, yenye matundu yanayopitisha maji. Jiwe zito lililoshikamana halina nyumba ya bakteria. Sugua udongo wote kwa brashi ya waya, loweka wiki mbili kwenye pipa la maji matamu ukibadilisha kila siku tatu, kisha pima fosfati ya maji ya mwisho. Ikizidi 0.1 kwa milioni, endelea kuloweka. Lenye kutu ya chuma au lililolala chini ya banda la kuku liache hukohuko.

Matumbawe yenyewe nunua vipande vilivyokuzwa matangini. Samaki nunua kwa mvuvi wa samaki wa mapambo mwenye leseni, na umwombe akuonyeshe samaki akila. Pwani yetu ina samaki wake wa anemoni, Amphiprion akallopisos na Amphiprion allardi, wote wazuri. Lakini anemoni yenyewe iache mpaka tangi litimize angalau miezi sita. Ikifa, hufa usiku mmoja na kuondoka na kila kitu.

Dar, Januari hadi Machi, tangi langu linafika nyuzi 31 mchana. Mashine ya kupoza maji bei yake siiwezi. Tena umeme ukikatika sijui nianze na lipi. (Msomaji, Dar es Salaam)

Nyuzi 31 si mzaha. Matumbawe hupauka joto likizidi kiwango cha juu walichozoea kwa nyuzi moja tu likakaa wiki kadhaa; mwaka 1998 ndivyo miamba mingi ya pwani ya Kenya na Tanzania ilivyopauka na kufa, na 2016 ikapauka tena. Tangini lenga 26, vumilia 28.

Feni ina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Lita moja ya maji ikikauka huondoka na joto la kutosha kupoza lita 160 kwa nyuzi 3.7, kama hakuna joto jingine linaloingia. Kwa kuwa huingia, utapata punguzo la nyuzi 2 au 3. Feni ndogo mbili zipige uso wa maji kwa mshazari. Kifuniko kiondoke, mahali pake uweke wavu wa matundu madogo, kwa sababu samaki huruka. Na kama tulivyomwambia ndugu wa Tanga, unachofidia ni maji matamu, kwa vali ya kuelea ikiwezekana. Siku za unyevunyevu mwingi feni hulegea. Hapo badilisha saa za taa. Matumbawe hayajui jua la nje limefika wapi. Washa taa saa 10 jioni uzime saa 6 usiku, na joto la taa lisikutane na joto la mchana. Angalia na pampu zako: pampu ya wati 40 iliyozama ni hita ya wati 40.

Umeme ukikatika, wa kwanza kufa ni samaki, kwa kukosa hewa. Taa zisikusumbue, matumbawe hukaa gizani siku mbili tatu bila hasara. Chujio la povu nalo lisubiri. Kinachotakiwa ni uso wa maji kutikisika. Pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe ndiyo ya kwanza kununua. Ukipata nafasi zaidi, betri ya volti 12 ya ampea-saa 50 ina wati-saa 600; tumia nusu tu ili isife mapema, ukate na kinachopotea kwenye inveta, na pampu ya mkondo ya wati 10 itaenda saa 25. Usilishe samaki umeme ukiwa haupo. Joto likipanda, chupa za maji yaliyoganda, zimefungwa vizuri, moja moja. Barafu tupu isiingie majini.

Umeme ukirudi, tangi la chini au chujio la kopo lililokaa limefungwa zaidi ya saa chache lisirudishwe hivihivi. Maji yaliyomo yameoza. Yamwage kwanza.

Nipo Dubai. Maji ya hapa yanasoma 41. Naweza kuyatumia? (Msomaji, Dubai)

Unaweza ukiyapunguza. Gawa 35 kwa kipimo chako: 35 kwa 41 ni 0.85, kwa hiyo lita 85 za bahari na lita 15 za maji yaliyochujwa kwa kila 100. Ndani ya Ghuba 40 na zaidi ni kawaida, wakati Maskati iko karibu na 37, hivyo hesabu ya mtu wa Oman isiwe yako. Ukiona maji yamegeuka rangi ya kutu usichote kabisa. Mwaka 2008 na 2009 mwani mwekundu wa Cochlodinium uliua samaki wengi Ghuba na Bahari ya Oman.

Matumbawe yangu magumu yana mwaka mzima hayakui, ncha zimekuwa nyeupe. Alkalini niliacha 8, siku tatu baadaye naikuta 6.5. Nimeambiwa niweke magadi. Kiasi gani? (Msomaji, Zanzibar)

Magadi hapana. Magadi ya kuivishia maharage ni ya ziwani, yana floridi na takataka nyingine. Hata unga wa kuumulia keki unaochanganywa na asidi na wanga haufai. Unachotaka ni bikaboneti ya sodiamu tupu. Soma pakiti, kisiwemo kitu kingine.

Tangi lako linakula 0.5 kwa siku. Gramu 3 za bikaboneti hupandisha lita 100 kwa digrii moja ya alkalini (dKH, si ya joto), kwa hiyo lita 160 kupanda nusu digrii ni gramu 2.4. Hiyo ndiyo posho ya kila siku. Kwanza rudisha kiwango kwa siku tatu: kila siku posho hiyo pamoja na gramu 2.4 nyingine, mpaka ufike 8. Kupandisha zaidi ya digrii moja kwa siku huunguza ncha zilezile unazotaka kuziokoa.

Mifupa ya matumbawe hujengwa kwa vitu viwili pamoja. Kila digrii 2.8 za alkalini zinazoliwa huondoka na kalsiamu 20 kwa milioni. Kwa mlo wako hiyo ni gramu 2.1 za kloridi ya kalsiamu (ile yenye maji mawili) kwa siku. Yeyusha kila moja kwenye glasi yake ya maji yaliyochujwa. Bikaboneti asubuhi, kalsiamu jioni, mbele ya pampu. Zikikutana kwenye glasi moja utaona maziwa: hiyo ni chokaa imeganda, na zote mbili zimepotea bure. Kalsiamu ikae 400 hadi 450, magnesiamu 1250 hadi 1350. Magnesiamu ikiwa chini, alkalini haitashikika hata ukeshe.

Wengine hutumia maji ya chokaa kufidia yanayokauka, na ni njia nzuri: lita moja ya maji ya chokaa yaliyokolea huleta digrii 0.7 katika tangi lako, basi mililita 700 zingetosha mlo wa siku, tone kwa tone usiku kucha. Ila chokaa iwe ya daraja la chakula au maabara. Ya kupaka kuta, au ya tambuu, hujui imebeba nini. Na usimimine kwa mkupuo. Ina ukali unaounguza macho ya mtu, sembuse jicho la samaki.

Swali ambalo hukuuliza: taa. Matumbawe magumu ya matawi hayakui kwenye mwanga wa matumbawe laini, hata kemia ikiwa sawasawa. Ukibadilisha taa anza na nusu ya nguvu, ukiongeza kidogo kila wiki kwa mwezi mzima.

Wiki ya tatu mchanga uligeuka kahawia. Sasa ni mwezi wa tatu, nyuzi za kijani kila mahali. Fosfati 0.3. (Msomaji, Kampala)

Ule wa kahawia ulikuwa mwani wa silika, huja na kuondoka wenyewe. Wa kijani unalishwa. Suuza chakula kilichogandishwa kwenye chujio la chai kabla ya kulisha, ng'oa nyuzi kwa mkono na uzitoe nje, badilisha lita 16 kila wiki, taa zisizidi saa 8, na uweke konokono kama 15. Chembe za oksidi ya chuma hufyonza fosfati. Anza na nusu ya kiasi kilichoandikwa.

Usiipeleke sifuri. Lenga 0.03 hadi 0.1, na nitrati 2 hadi 10. Tangi lenye njaa kabisa huota kitu kibaya kuliko nyuzi: makamasi ya kahawia yenye viputo, yanayopotea usiku na kurudi adhuhuri, na konokono wanaanza kufa. Ukiona hayo, acha kubadilisha maji na ongeza chakula, kinyume cha kila ulichofundishwa.

Samaki wana vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Nitie shaba tangini? (Msomaji, Bagamoyo)

Kamwe. Shaba huua matumbawe, konokono na kamba, na mawe huinyonya ikatoka polepole baada ya miezi. Hamisha samaki wote kwenye tangi tupu lenye bomba la plastiki la kujificha, watibiwe humo. Tangi kubwa likae bila samaki hata mmoja wiki 11, mpaka kimelea kilichojificha mchangani kitoke na kikose pa kushika. Vidoa vikipotea baada ya siku nne usidhani wamepona. Vimedondoka kwenda kuzaana.

Jiwe langu limeota magugu ya anemoni na matumbawe ya vifungo nisiyoyataka. Nilichemshe? (Msomaji, Kilifi)

Usichemshe, usimwagie maji ya moto, wala usilikaushe kwenye jiko. Baadhi ya matumbawe ya vifungo, hasa Palythoa, yana palitoksini, sumu kali kuliko karibu zote zitokazo baharini, na mvuke wake umewahi kulaza familia nzima hospitali pamoja na mbwa wao. Liweke jiwe kwenye ndoo ya maji ya chumvi yenye kifuniko, gizani, nje ya nyumba, wiki kadhaa. Ukilishika vaa glavu na miwani, hasa kama una mkwaruzo. Anemoni moja moja mdunge uji mzito wa chokaa safi mdomoni, pampu zikiwa zimezimwa, usizidi nne kwa siku. Aliyekwisha kuvuta mvuke akahisi ladha ya chuma mdomoni, kifua kubana na homa, atoke nje mara moja aende hospitali, na amtajie daktari jina la sumu hiyo, maana bila hivyo atatibiwa mafua.